Vyombo vya Maziwa Vilivyorudishwa kutoka Nairobi

Ninaishi kwa kuuza vitu nilivyotengeneza kwa mikono yangu, na sioni sababu ya kulisema hilo kwa sauti ya chini. Kibanda changu kiko mtaa wa Iftin, hapa mjini Garissa, mbele ya nyumba yangu, kati ya fundi wa simu na mama anayeuza maziwa ya ngamia. Wanawake hunijia pale, wengine wametoka tu kuachika, wengine waume zao hawana kazi, wananiuliza, "Dada, nitengeneze nini nikiuze?" Huwa nawajibu kabla hawajaketi. Tengeneza kitu ambacho wewe mwenyewe ukikikosa nyumbani utakasirika, kisha ukitengeneze vizuri kuliko jirani yako. Basi. Mengine yote ni jasho na kuvumilia wateja.

Somo hilo sikulipata bure. Nilianza na mishumaa. Nilikuwa nimeona kwenye simu mwanamke mmoja, sijui wa nchi gani, akimimina nta kwenye glasi, akitia manukato, akifunga utepe, na watu wanaigombania. Nikasema, hii ni yangu. Nikaagiza nta kutoka Nairobi, nikatengeneza mishumaa mizuri ya rangi ya waridi, nikaipanga mezani asubuhi. Anayeijua Garissa ameshaanza kucheka. Kufika adhuhuri mishumaa yote ilikuwa imeinama upande mmoja kama watu walio kwenye rukuu, na mmoja ulikuwa umejimwaga wote juu ya kitambaa. Yule jirani wa maziwa alikuja akaitazama, akaniuliza kama nimeanza kuuza supu. Nikamwambia ndiyo, lete bakuli.

Baada ya mishumaa nilitengeneza mapazia ya shanga. Yalikuwa mazuri, wallahi, lakini mji huu kila nyumba ina watoto, na mtoto akiona uzi wa shanga anaona mchezo. Wateja walinirudia na shanga zangu kwenye bakuli wakitaka nizitunge upya bure. Nikahamia vipochi vya simu vya kufuma. Wasichana wa shule walivipenda mpaka vilipokuja vya plastiki vyenye masikio ya paka. Kwa masikio ya paka siwezi kushindana.

Kilichonisimamisha ni unsi. Huu ni ubani wetu wa nyumbani: unayeyusha sukari mpaka inageuka kahawia, unatia ubani uliopondwa na vipande vya udi, unamimina mafuta ya manukato, unamwaga kwenye sinia, na ikipoa unaivunjavunja. Hakuna nyumba ya Msomali isiyofukizwa jioni. Mgeni akija, unsi. Bibi harusi, unsi. Nguo zimetoka kufuliwa, unsi. Siri yake ni kujua sekunde ya kuepua sufuria, kwa sababu sukari ikiungua, unauza moshi wa jikoni. Mimi sekunde hiyo naijua kwa pua, nikiwa hata nimegeuka kando. Sijisifu, nasema ilivyo.

Basi mambo yangu yalikuwa yanakwenda vizuri wakati mama yangu aliponijia.

Hooyo, ndivyo tunavyomwita mama, na yeye pia huniita mimi hooyo, ndiyo mapenzi ya kwetu. Aliishi maisha yake yote upande wa Diff, huko Wajir Kusini karibu na mpaka, akifuga ngamia. Nataka umjue alivyokuwa. Alikuwa mgomvi. Aligombana na wenye visima, aligombana na wachuuzi waliompunja, aligombana na chifu mbele ya watu wa chifu, na nimemsikia kwa masikio yangu akimsema ngamia jike kwa muda mrefu mpaka ngamia akageuza shingo. Utotoni nilimwonea haya. Sauti yake ilifika kisimani kabla yake, na wanawake wengine walisogeza madumu yao.

Kisha ukaja ukame ule wa mfululizo, mvua ikikosa, na tena ikikosa. Ngamia wake walikwisha. Alipanda pikapu hadi Wajir, akapanda basi hadi kwangu, na furushi moja la nguo. Nilimpa chumba chenye dirisha. Akatandika mkeka, akaketi akiuelekea ukuta.

Nikimwambia chakula tayari, anasema haya. Nikimwambia leo twende hospitali wakupime sukari, haya. Mwanangu alivunja birika la chai mbele yake, na mwanamke yule ambaye zamani angetikisa mabati akaangalia vipande, akasema haya. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori la Mandera na huwa nyumbani mara chache, alifurahi sana. Alisema mama mkwe amekuwa mtulivu, mashallah. Nilitamani kumrushia kiatu. Mimi nilijua ninachokiona. Mama yangu alikuwa amekuja nyumbani kwangu kungoja, na hakuwa akingoja chakula.

Nilijaribu kila kitu. Nilimpeleka kwa wazee wenzake, akakaa pembeni. Nilimwita jirani wa maziwa aje ampigie soga, naye jirani yangu akipiga soga mtu hulazimika kujibu, lakini Hooyo alimsikiliza mpaka akachoka mwenyewe. Nilikuwa naingia jikoni kukoroga unsi huku nalia, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu niliunguza sufuria nzima. Nilichotaka ni kitu kidogo tu. Nilitaka mama yangu anigombeze.

Katika hali hiyo ndipo mwanamke mmoja wa Nairobi aliponipigia. Ana duka la mapambo ya nyumba. Alikuwa ameona picha niliyoweka mtandaoni, picha ya mabunda yangu ya unsi, lakini kilichomvutia si unsi. Nyuma ya mabunda, ukutani, kulikuwa na dhiil yangu ya zamani.

Dhiil ni chombo cha maziwa cha kwetu. Kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, mduara juu ya mduara, kwa shazia, ile sindano nene ya kushonea magunia. Kinasukwa kwa kubana mpaka kinashika maziwa bila kuvuja, kisha kinapakwa mafuta na kufukizwa kwa ndani na kijinga cha mti maalumu. Moshi ule unayalinda maziwa yasiharibike, na unayapa ladha ambayo mtu wa kwetu akiikosa anasema hajanywa maziwa. Ile yangu nilipewa nilipoolewa. Aliisuka Hooyo.

"Dada, hicho kikapu kirefu chenye kifuniko," yule mwanamke alisema, "unaweza kunipatia sita? Wateja wangu wanapenda vitu vya asili. Wataweka maua makavu."

Nikamwambia hakuna shida. Mimi siku zote nasema hakuna shida kwanza, shida naitafuta baadaye.

Jioni nilimweleza Hooyo. Aliendelea kuutazama ukuta. Hatimaye akasema, "Kwa ngamia gani?"

"Si kwa ngamia, Hooyo. Ni kwa mapambo. Nairobi."

"Haya," akasema, na hiyo haikuwa haya ya kukubali. Kwake yeye dhiil husukwa kwa sababu kuna jike atakayezaa, ama kuna binti atakayeolewa. Kusuka bila hivyo ni sawa na kupika kwenye nyumba isiyokaliwa na mtu. Sikubishana. Nilinunua nyuzi za katani sokoni, nikachukua shazia, nikaketi kati yake na ukuta, mahali ambapo hawezi kutazama bila kuniona, nikaanza kusuka mwenyewe.

Nasuka vibaya. Kwenye unsi mimi ni bingwa, lakini mbele ya dhiil mimi ni mtu wa mjini. Mduara wangu wa kwanza ulipinda, wa pili ukaufuata wa kwanza kwenye upotevu. Nikaendelea hivyo kwa siku kadhaa, kila alasiri, bila kumwomba kitu. Nilikuwa namwona kwa pembe ya jicho. Vidole vyake vilianza kucheza juu ya goti.

"Hiyo unayosuka," akasema siku moja, "ni kofia?"

Sikuthubutu kuinua uso. "Ni dhiil, Hooyo."

"Dhiil ya nani? Ya kipofu? Na hii ni mizizi ya wapi? Hii ni kamba ya kufungia mbuzi! Nani alikuuzia? Leta hapa." Akaninyang'anya, akaifumua yote mpaka uzi wa mwisho, akautupa nje ya mlango. Mimi niliondoka haraka nikaenda kusimama nyuma ya nyumba, mkono mdomoni, ili asisikie ninavyocheka.

Aliagiza mizizi halisi kwa mdogo wake, mamangu mdogo, aliyebaki Diff. Ilikuja kwa pikapu hadi Wajir, ikaja kwa basi, imefungwa kwenye gunia lenye unyevu. Hooyo akailoweka, akaichana kwa kisu na meno, akaanza kazi. Kusema kweli hakurudi mara moja akawa yule wa zamani. Alisuka kimya. Lakini alisuka akiuelekea mlango, na mimi niliona hiyo ni hatua.

Tulitofautiana jambo moja tu. Nilimwambia hivi havihitaji kushika maziwa, ni vya maua makavu, kwa hiyo asijisumbue kubana sana wala kufukiza. Akanitazama kama nimetukana. Kila kimoja alikijaza maji akakiacha usiku kucha juu ya karatasi kavu, na karatasi ikiwa na doa, alifumua. Alivipaka mafuta. Alivifukiza mpaka nyumba yote ikanuka mji wa wafugaji, nikawa naziba mabunda yangu ya unsi yasichanganye harufu. Nilimwacha. Nilijiambia mteja atapata kitu bora kuliko alichoomba, na biashara hiyo haina ubaya.

Siku ya kuvipeleka stendi nilikuwa na harusi mbili za kupelekea unsi. Hooyo akasema, "Nenda. Nitavifunga mimi." Nikafurahi. Jioni nilivikuta vimefungwa kwenye maboksi, vitambaa pande zote, vifuniko vimekazwa kwa ukanda wa ngozi. Nikabeba, nikapeleka kwa wapakiaji wa basi la Nairobi. Kijana wa mizigo alipima boksi kwa mkono.

"Hii fyombo imewekwa nini?" akaniuliza. "Nasikia kitu nacheza ndani."

"Hamna kitu. Weka juu, usiilaze."

Wiki ile yote nilitembea kifua mbele. Nilishapiga hesabu ya oda ya pili kichwani.

Kisha simu ikalia. Yule mwanamke wa Nairobi hakusalimia. "Dada, hii ni nini mliniletea? Mteja amefungua kifuniko, akakipindua aangalie chini, na maziwa yamemwagikia nguo yote! Maziwa yaliyochacha! Duka linanuka moshi na maziwa, watu wanatoka!"

"Maziwa gani?"

"Utaniuliza mimi? Hivyo vingine sijavifungua, na sitavifungua. Nakurudishia vyote kwa basi. Ukitaka tufanye kazi, niletee visivyo na harufu, vilivyopakwa vanishi. Na viwe vitupu, tafadhali."

Nilipokata simu ndipo akili iliponirudia. Maziwa ya kwanza! Kwetu chombo cha maziwa hakitoki nyumba moja kwenda nyingine bila kitu ndani. Ukiazima, unarudisha na chochote, hata kama ni tone la kulowesha ulimi. Na kikiwa kipya ndio zaidi: aliyekisuka ndiye anayekitilia maziwa ya kwanza, ili kisije kikazoea utupu. Mimi mwenyewe dhiil yangu ya harusi ilinijia na maziwa, na niliyanywa. Lakini kichwani mwangu zile sita hazikuwa dhiil. Zilikuwa mzigo wa biashara. Kwa Hooyo zilikuwa kazi yake ya kwanza ya heshima tangu ngamia wake wafe, na hakuna namna angeziacha ziende ugenini kama mabinti wenye mikono mitupu.

Nilikwenda kwa jirani wa maziwa kumuuliza. "Ndiyo," akasema, "si alikuja mwenyewe siku ile ulipokuwa harusini? Alitoka getini peke yake, akachagua maziwa, akasema ya ngamia aliyezaa karibuni, siyo haya mengine. Tena aliniambia chupa zangu ni chafu. Nilifurahi sana, nikasahau kukuambia."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Duka la Nairobi lilikuwa dogo machoni pangu. Mteja hupotea, mwingine huja. Nilichoogopa ni Hooyo kuviona vyombo vyake vimerudi. Nilimwona tayari akikunja shazia kwenye kitambaa, akigeuza mkeka, akisema haya. Nilifikiria kuvificha kwa fundi wa simu. Nilifikiria kumwambia vimeuzwa vyote, watu wamekunywa, wameomba dua. Bado nikiwa nafikiria, siku ya basi ikafika, na yule kijana wa mizigo, ambaye siku zote humngojesha mtu stendi mpaka amkasirishe, siku hiyo akaamua kuwa mwema akaniletea maboksi mpaka mlangoni.

Nilipotoka jikoni nilimkuta Hooyo ameshachana boksi la kwanza.

"Hivi ni vyangu," akasema.

"Ndiyo, Hooyo."

Akachukua kimoja, akakiweka sikioni, akakitikisa. Akakichukua cha pili. Nilikuwa nimesimama na mwiko mkononi, unsi inaungua jikoni na siijali. Akapitisha kiganja chini ya kila kimoja. Akanusa kiganja. Kisha akafungua kifuniko, akanusa tena, akamimina kwenye kikombe. Yalikuwa yamekuwa susa, maziwa ya ngamia yaliyochacha polepole, mazito kidogo, meupe kabisa. Akanywa. Akafumba macho.

"Kavu," akasema. "Chini ni kavu. Yamekwenda Nairobi, yamekaa huko, yamerudi, na chini ni kavu. Onja."

Nikaonja. Sijawahi kunywa susa nzuri kama ile, na nasema hivi nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu. Lakini sikupata nafasi ya kusifu, kwa sababu uso wa Hooyo ulikuwa umeanza kubadilika.

"Kwa hiyo hawakunywa?"

"Hooyo, watu wa kule hawajui. Wameona ni uchafu, wanataka vitupu, bila moshi, vimepakwa vanishi…"

"Wametiliwa maziwa, wamerudisha maziwa?" Sauti ilipanda. "Nimewapa cha mkononi mwangu, wamenirudishia kama kitu nilichomtupia mbwa? Yuko wapi huyo? Piga simu."

"Hooyo, tulia kwanza."

"Nimetulia! Nimetulia mpaka nimeota kutu! Piga simu!"

Nikapiga. Hooyo Kiswahili chake ni cha mnadani, alikiokota kwa wanunuzi wa mifugo, lakini kwa kugombana kinatosha kabisa. Akaishika simu mbele ya mdomo kama sahani.

"Wewe ni mama?" akaanza. "Iko na watoto? Watoto nakunywa nini, rangi? Mimi naweka maziwa, ya mzazi, ya kwanza, wewe naita uchafu? Mimi sitaki besa yako! Wewe nataka chombo bila maziwa, bila moshi, enda nunua blastiki!"

Nikamsikia yule mwanamke upande wa pili, sauti imeshuka kabisa, akisema, "Pole, mama. Sikujua."

"Bole ni ya nini? Bole haiwezi rudisha maziwa!" Akanirudishia simu bila kuikata, akaendelea kugomba kwa Kisomali, sasa akiisema Nairobi nzima, kisha barabara, kisha mimi niliyeuza vyombo kwa watu nisiowajua wazazi wao, kisha harufu ya kuungua iliyokuwa ikitoka jikoni kwangu. "Na hiyo sufuria! Hii ndiyo kazi unayojisifia mjini?"

Nililia palepale. Sikujificha nyuma ya nyumba. Nilikaa chini kwenye maboksi nikalia na kucheka, na kadiri nilivyocheka ndivyo alivyozidi kunigombeza, na kila tusi liliniingia kama chai ya asubuhi.

Kelele ilimleta jirani wa maziwa. Aliposikia habari akaomba aonje. Akaonja, akalamba midomo. Akaonja tena. "Hii imekaa tangu lini?" akauliza. Hooyo akamwambia. Jirani akatazama madumu yake ya plastiki kule mlangoni, ambayo maziwa yake yakichelewa kuuzwa hugeuka uchungu. "Nisukie moja," akasema. "Hapana, mbili."

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipoanzia, na ilikuwa hatua chache kutoka kibandani kwangu wakati mimi nilikuwa nikiisaka Nairobi. Wauza maziwa walikuja mmoja baada ya mwingine, wakanunua vile vilivyorudi na kuagiza vingine. Halafu wakaja akina mama wenye mabinti wa kuolewa, kwa sababu siku hizi mabibi harusi wa mjini wanataka vitu vya bibi zao, wapigiwe buraanbur, zile nyimbo za wanawake, huku dhiil imesimama katikati ya zulia. Hooyo aliwahoji wote. Anayeolewa ni nani, anaolewa wapi, huko anakokwenda kuna wa kukamuliwa hata kama ni mbuzi? Mama mmoja alitaka ya kupigia picha tu. Akafukuzwa, akarudi siku ya pili amenunua mbuzi. Mimi nilishughulikia bei na wateja, nikitia kibunda cha unsi kwa kila chombo. Yeye alishughulikia kutufokea sote.

Nilidhani tumefika. Nilianza kufikiria kumjengea chumba cha kazi upande wa uani, chenye bati jipya na feni. Nikamwambia. Alikuwa anachambua gunia la mizizi lililotoka Diff asubuhi ile.

"Angalia," akasema, akinionyesha. "Wanachimba michanga. Mdogo wangu amezeeka, anawaachia watoto, na watoto wanachimba kile wanachokiona kwanza. Mwaka ujao hakutakuwa na mizizi. Nitarudi nikachimbe mwenyewe."

Nilidhani anatania. Kumbe mvua zilikuwa zimenyesha huko, ngamia wachache wa mamangu mdogo walikuwa wamezaa, na yeye alikuwa ameshaongea na dereva wa pikapu. Nilimwambia kuhusu sukari yake na dawa. Akasema dawa ni vidonge, na vidonge vinabebeka. Nilimwambia kule hakuna hospitali nzuri. Nilimwambia nimeshamzoea, wajukuu wamemzoea. Nilipoishiwa na sababu nikasema ukweli, kwamba sitaki aende, kwamba nimempata juzijuzi tu.

Akaacha mizizi. Akanishika kidevu, jambo ambalo hakulifanya tangu niko mdogo.

"Hooyo," akaniambia, "nilikuja kwako kufa. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Sasa sina nafasi," akasema, na akarudi kwenye gunia lake.

Aliondoka wiki hiyo. Asubuhi ya safari hakuniaga vizuri hata kidogo, kwa sababu dereva wa basi alikuwa amempangia kiti cha nyuma, na mpaka gari linaondoka alikuwa bado anamgombeza dereva yule, yeye na ukoo wake wote. Siku hizi gunia linakuja kila mwezi, mizizi iliyokomaa, sawa kwa urefu, na ndani yake vyombo vichache alivyosuka, kila kimoja na maziwa yake. Simu anayonipigia si ya salamu. Jana alinipigia kibandani pamejaa wateja, akanilaumu kwamba lile gunia la mwisho nimeliacha juani, amesikia, hajasema kwa nani. Nikajitetea, akanikatiza, nikajitetea tena, akakata simu kabla sijamwambia kwamba namkumbuka. Wateja wakaniuliza kuna nini. Nikawaambia hakuna kitu, ni mama yangu tu, ana kazi nyingi, nikajipangusa macho kwa ncha ya shela nikaendelea kuuza.